Semineri ya siku tatu haiko masomo ya teatre



Mu hii ukurasa tunasemaka sana juu ya maji, umeme, barabara na bei ya unga. Leo tunasema juu ya teatre. Tunajua kuko benye bameanza kucheka. Mucheke, lakini musome mpaka mwisho.

Iko namna hii. ONG ao sosiete ya mine inapata budjeti ya "sansibilizasio": kunawa mikono, batoto benye kutumika mu mine, uchaguzi wa amani. Inatafuta vijana. Inatukusanya mu sale ya parokia siku tatu. Mwalimu mwenye kutoka mbali anatuambia tusimame duara, tupige mikono, kila mutu aseme jina yake kwa sauti kubwa. Siku ya tatu kuko breve, tishati, franka kidogo ya transporti, na foto. Siku ya ine, basi, tuko "bachezaji wa teatre benye kufundishwa". Vile njo inaandikwa mu ripoti, na ripoti njo inaleta budjeti ya mwaka wenye kuya.

Hatuna neno na kunawa mikono. Tuko na neno na ile "kufundishwa".

Fundi wa kusudere ku Manika anabakiaka na aprenti wake myaka mbili mbele ya kumuachia chuma ya mukiliya. Mama mwenye kushona hamupatie binti mukasi na kitenge ya mutu siku ya kwanza. Lakini kusimama mbele ya batu mia tatu na kushika roho zabo saa mbili, ile tunaambiwa ni talanta, ni kipaji ya kuzaliwa nayo, siku tatu zinatosha. Juu ya nini? Juu hakuna mwenye kuiona kama kazi. Na kama haiko kazi, hailipwe kama kazi. Transporti njo mushahara.

Tuseme kwanza vile masomo ya kweli iko, juu bengi habajaiona hata mara moja.

Inaanzaka na sauti. Mutu mwenye hakufundishwa anatoa sauti ku koo. Akicheza siku tatu mufululizo, ya ine anaongea sawa chura. Mwenye kusoma anavuta pumzi mpaka chini ya tumbo, na mama mwenye kuikala ku kiti ya mwisho anasikia hata neno yenye kusemwa polepole, bila mikro. Haiko uchawi. Ni mazoezi ya kila asubui, mwezi juu ya mwezi, sawa vile mucheza-mupira anakimbiaka mbele ya jua kupanda. Kisha ni mwili: kuanguka bila kuvunja mukono, kuwa muzee wa myaka 70 bila kushika mugongo na kutetemeka sawa mu sketchi ya televizio. Kisha maandishi. Munabakia na ukurasa moja wiki nzima, munaiuliza: huyu mutu anataka nini kwa mwenzake? Anaficha nini? Juu ya nini hii neno anaisema sasa, hakuisema jana? Kisha kusikiliza, na hapa njo siye benye semineri tunaangukaka bote. Tunangojea tu mwenzetu amalize, tuseme yetu. Mutazamaji anaona palepale kama hakuna mwenye kusikia mwenzake.

Na kuko bintu byenye havina utamu: kusoma kontrati mbele ya kutia sinyature, kujua haki ya mwandishi, kupanga taa, kufanya budjeti ya tamasha ndogo. Yote ile inaomba myaka mbili ao tatu, na walimu benye kukurudilia kosa moja mara mia bila kuchoka. Iko jina yake: konservatwari. Na haiko tu ya batoto benye kutoka ku segondere. Mahali pengi, mutu anaingia kiisha kupata diploma ya iniversite.

Munamujua Lupita Nyong'o. Mulimuona mu Black Panther mu 2018, ile filimu yenye kila kijana wa Kolwezi aliangalia na kusema: bale ba Wakanda bako na vibranium, siye tuko na kobalti, lakini treni yabo inatembea. Bengi banazania Hollywood ilimuokota Lupita mu barabara juu ya uzuri wake. Hapana. Huyu dada wa Kenya alimaliza kwanza diploma yake, kisha akaingia ku shule ya teatre ya Yale, kule Marekani. Myaka tatu. Alitoka 2012, na Oskari ilimukuta 2014. Winston Duke, ule wa kucheza M'Baku, alipita mu shule ileile. Na tangu 2021 ile shule hailipishe minervali hata dola moja, juu tajiri mumoja, David Geffen, aliweka dola milioni 150. Hatuombe Yale mu Dilala. Tunaonyesha tu kama kule kwenye pesa iko, banajua muchezaji anatengenezwa, haotake peke yake sawa majani.

Sasa mutatuambia: Marekani ni Marekani. Sawa. Tuangalie ku Tanzania. Mu 1981 Tanzania haikukuwa na pesa. Ilikuwa mu magumu makali ya uchumi. Mwaka ule njo ilifungua Chuo cha Sanaa ku Bagamoyo. Hata haikukuwa mu Dar es Salaam, ilikuwa mu muji mudogo wa pwani. Leo inaitwa TaSUBa. Mu 2002 sale yabo ya teatre iliungua moto, bakajenga ingine. Inchi yenye magumu iliamua kama ngoma, muziki na teatre vinafundishwa, na luga ya bile bintu iko luga yenye mama wa soko anasikia.

Kwetu, kijana mwenye kutaka kusoma hii kazi kabisa, njia inamupeleka Kinshasa, ku INA, Institut National des Arts. Hatusemi mubaya juu ya INA. Kama isingekuwa, Kongo haingekuwa na kintu. Lakini hesabu pamoja na siye. Kutoka Kolwezi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,000, na njia ya kweli ni ndege. Kisha nyumba ya kupanga, chakula, transporti ya kila siku mu muji yenye hauna hata shangazi. Na Kiswahili yako inabakia mu valize, juu kule barabara inasema Lingala. Nani anaweza? Mutoto wa mukubwa. Na mutoto wa mukubwa hatake kuwa muchezaji wa teatre, anataka kuwa mukubwa.

Ku Lubumbashi hata jengo ilikuwako. Wabelji balijenga pale sale kubwa ya teatre myaka ya 1950, moja ya majengo mazuri ya muji. Leo inaitwa Jengo la 30 Juin. Mulishaingia mule kuona muchezo? Mule njo asemble ya jimbo inaikalaka. Badepite njo beko ku sene. Tunawaacha mucheke hapa kidogo, juu hii tu njo sehemu ya kuchekesha mu barua yetu.

Kuko benye kutujibia: "Na Mufwankolo, alisoma konservatwari gani?" Ni swali ya muzuri, na hatuipite mbio.

Kikundi ya Mufwankolo ilicheza mu Kiswahili yetu ya Katanga myaka na myaka, ku radio na ku televizio ya Lubumbashi, na bazazi betu banajua sauti zabo mpaka leo. Habakushika maandishi. Mu 1986 balichukua neno moja tu, ile ya kusema mamlaka inakuliwa nzima, Le pouvoir se mange entier, na bakakaa chini bakajadiliana: maana yake nini? Chifu gani? Nani anamuasi? Bakapanga hadisi, bakagawa sene, bakarudilia, bakabishana, bakarudilia tena. Kisha bakaenda kuicheza mu kijiji ya Kawama, mbele ya wanakijiji na kamera ya televizio. Tunajua ile yote juu mwana-antropoloji mumoja, Johannes Fabian, alikuwa pale na mashine ya kurekodi, na kitabu yake ilitoka 1990, ku Wisconsin, mu Kiingereza.

Sasa mutuambie: kubishana juu ya maana, kupanga, kurudilia, kucheza mbele ya batu, bakubwa na badogo pamoja, myaka juu ya myaka, ile ni nini kama haiko shule? Mufwankolo hakukosa konservatwari. Kikundi yake njo ilikuwa konservatwari. Ilikuwa na bakubwa ba kufundisha, na radio na televizio zenye kuwapatia nafasi, na watazamaji benye kungojea. Uondoe bile bitatu, uweke semineri ya siku tatu pahali yake, kisha ulaumu vijana kama habana talanta. Na leo mwenye kutaka kujua vile batata balifanya mazoezi, atafute kwanza mwenye kumusomea Kiingereza.

Hii haiko tu neno ya sanaa. Ni neno ya nani anasema hadisi ya Kolwezi.

Mu Mei 1978 vita ilifika hapa. Batu balikufwa mu hii muji, mu nyumba, mu barabara zenye tunapitaka kila siku. Kila jamaa ya zamani iko na hadisi yake. Miaka mbili tu kiisha, mu 1980, Ufaransa ilitoa filimu: La Légion saute sur Kolwezi. Lejio inaruka juu ya Kolwezi. Sikiliza ile kichwa vizuri. Mwenye kufanya kitendo ni Lejio. Siye tuko pahali pa kuangukia tu. Na leo, myaka zaidi ya 40 imepita, kijana wa Kolwezi akitaka kuona 1978, njo ile ataikuta ku intaneti. Muchezo yetu juu ya 1978, ya saa mbili, mu Kiswahili, yenye bashangazi betu bangelia ndani yake, iko wapi?

Mambo ya sasa ni vilevile. Mu 2015 Milo Rau, mupangaji wa teatre wa Uswisi, alipanga Congo Tribunal ku Bukavu na ku Berlin. Mu 2020 akarudilia na mine za Kolwezi. Ilikuwa kazi ya maana, na batu ba hapa balisema bintu byenye tribinali ya kweli haikukubali kusikia. Lakini muangalie kiti yenye tunapewaka: mushahidi. Siye tunaitwa kuya kusema maumivu yetu, mwengine njo anapanga sene, jina ya mwengine njo iko ku afishi. Mushahidi akimaliza kusema, anarudi nyumbani.

Dorine Mokha, kijana wa Lubumbashi, alikataa ile kiti. Alisoma sheria, kisha akachagua dansi na kuandika, na mu 2019 pamoja na Elia Rediger akatoa Hercules of Lubumbashi, juu ya mine zetu. Jina yake ilikuwa ku afishi. Alikufwa mu Januari 2021, kijana bado. Mwenye kumurizi ako wapi? Kama kungekuwa shule, pengine mwaka huu kungetoka batano.

Na musituambie kama muji ya jimbo haiwezi. Studios Kabako ya Faustin Linyekula ilianza 2001 ku Kinshasa, kisha akaihamisha Kisangani, muji yenye haina kobalti hata kilo moja, na kutoka pale kazi yabo imezunguka dunia.

Basi pesa. Hapa njo tunaombaka musilale.

Kongo inatoa karibu 70% ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa chini ya miguu yetu. Sheria ya mine ya 2018 inasema redevansi ya kobalti ni 10%, na inagawanya vile: 50% inaenda ku serikali ya Kinshasa, 25% ku jimbo, 15% ku komine, sekta na shefferi kwenye mine iko, 10% ku fuko ya vizazi byenye kuya. Kuko tena 0.3% ya mauzo ya kila sosiete, ya kuendelesha batu benye kuikala karibu na mine. Tufanye hesabu ya mutoto wa primere: sosiete ikiuzisha ya dola miliari moja, 0.3% ni milioni tatu. Ya mwaka moja, ya sosiete moja. Shule yenye tunasema ni banafunzi 15, walimu batano, sale moja yenye mbao chini, na taa. Ni sehemu ndogo sana ya ile milioni tatu, na haitagusa dispansere ya mutu yeyote.

Juu tunajua ile kibishano: "Batu bako na njaa, hakuna maji, munaomba teatre?" Sisi njo tunaishi bila maji, hatuhitaji kukumbushwa. Lakini mukubwa mwenye kusema vile haombwake kuchagua, yeye. Pesa ya mwimbaji wa Kinshasa ku sikukuu yake inapatikana. Pesa ya tishati za kampanye, na ya vijana mia mbili benye kuimba jina yake ku uwanja wa ndege, inapatikana. Ile pia ni teatre, na tena ya mubaya. Njaa inakumbukwa tu siku siye tunaomba kintu ya kutusimamisha.

Ingine inatoka mu nyumba zetu wenyewe: "Mulisoma myaka tano, hamuna kazi, sasa munataka kusoma tena, na kusoma kucheza?" Hii inauma zaidi, juu ni mama njo anaisema, na aliuza makala juu ya ile minervali. Tunamujibia na heshima: diploma zetu za sheria, za komunikasio, za uchumi zilitutengeneza kwa biro zenye hazikujengwa. Ku mulango wa sosiete banaomba experians ya myaka tano, kisha banaangalia nani alikutuma. Hatumudanganye mama kama teatre itashibisha bote. Kumi na tano kwa mwaka, mama, hapana elfu. Lakini bale kumi na tano batatoka na kintu mu mikono: sauti ya kutumika ku radio, ku matangazo, ku filimu, uwezo wa kufundisha mu segondere zetu, na kikundi yenye inaweza kukataa. Neno ya mwisho ile tunaitilia mukazo. Muchezaji mwenye kutegemea transporti ya ONG anasema maneno ya ONG. Mwenye kutegemea mukubwa anaimba mukubwa. Ni mwenye kazi yake mu mikono tu njo anaweza kusema: hii sketchi yenu ni uongo, kule mu mine haiko vile, tafuteni mwengine.

Njo maana tunaogopa pia shule ya mubaya, na tunasema mapema. Kuingia kuwe kwa konkuru ya wazi, mbele ya batu, na barua ya rekomandasio iwe sababu ya kukataliwa. Mwenye kuwa na diploma ya iniversite na bakrezere mwenye kuwa na sauti bapite mu mulango moja. Yule bakimupatia mwaka ya kwanza ya kusoma maandishi, atabakuta. Kufundisha kuwe mu Kiswahili na Kifaransa, na mu Kiruund, Kisanga, Kichokwe pale muchezo inaomba. Walimu ba INA baitwe kuya huku, mwaka muzima, na nyumba na mushahara, hapana wiki moja na oteli. Bazee benye kubakia ba teatre ya Katanga bakae ku meza moja nabo, na balipwe sawa nabo. Banafunzi basipelekwe kuimba ku uwanja wa ndege. Na shule isipewe jina ya mukubwa mwenye bado anaishi.

Juma hii tunapeleka barua ku komine ya Dilala na ya Manika, na kopi ku asemble ya jimbo. Inauliza maneno mbili: mwaka wenye kupita, sehemu ya 15% iliingia franka ngapi, na ilitumika ku nini? Mambo ya shule iko ku ukurasa wa pili. Mwenye kutaka jina yake iwe ku barua aandike hapa chini "niko" na kartie yake, mbele ya Ijumaa. Mwenye kuwa na sale yenye haitumike mangaribi, ya parokia, ya serkle, hata hangari, atuandikie mu inboksi. Na benye muko na bazazi benye kukumbuka 1978, muanze kuwauliza na kuandika.